Kutafuta Gitaa la Uso wa Mbinuko kwa Fedha Kidogo

Mtu akitamani gitaa lile lenye sanduku tupu ndani na uso uliobinuka kama wa fidla, jambo la kwanza linalomkabili ni bei. Yaliyo mashuhuri katika jamii hiyo huuzwa kwa fedha ambazo karani angeweza kununulia ng'ombe kadhaa wa maziwa. Basi wengi huvunjika moyo. Na wengine, jambo ambalo ni baya zaidi, huingia katika deni kwa ajili ya jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Haikupasa kuwa hivyo, na habari za chombo chenyewe zaonyesha sababu.

Asili yake ni mji wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Marekani. Huko aliishi fundi Orville Gibson, ambaye mwaka 1898 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kutengeneza mandolini kwa kuchonga mbao badala ya kuzipinda. Kampuni yenye jina lake iliundwa mwaka 1902, na mwaka 1922 ikatoa gitaa liitwalo L-5, lenye uso uliochongwa ukabinuka na kutobolewa matundu mawili ya umbo la herufi f. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa ajili ya sauti. Katika bendi za dansi za siku zile gitaa lilimezwa na tarumbeta na ngoma, na wapigaji walitaka chombo chenye sauti kali inayopenya. Lakini kuchonga ubao mnene hata ubaki mwembamba kiasi kinachofaa ni kazi ya mikono iliyozoea, tena sehemu kubwa ya ubao huishia sakafuni. Hapo ndipo ilipotoka bei.

Wenye fedha kidogo hawakusahauliwa. Mjini Chicago kampuni za Harmony na Kay zilitumia njia nyepesi: ubao haukuchongwa, bali ulikandamizwa kwa mashine hata ukapata mbinuko, na mara nyingi ulikuwa wa tabaka zilizogundishwa pamoja. Duka kubwa la Sears liliyauza magitaa hayo kwa njia ya posta, mengi yakiwa na jina la Silvertone, hata mkulima aliyekaa mbali na mji aliweza kuchagua lake katika kitabu cha bidhaa. Kampuni ya Gibson yenyewe, wakati wa dhiki ya miaka ya 1930, ilitoa magitaa ya bei ndogo kwa jina la Kalamazoo. Mengine katika magitaa haya ya rahisi yalipakwa rangi ili yafanane na mbao za thamani. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba mistari ya mti imechorwa tu. Hilo si kosa la kumfanya mtu aliache gitaa. Rangi haipigi muziki. Kiwanda cha Kay kilifungwa mwaka 1968 na cha Harmony mwaka 1975, lakini kazi zao bado huonekana katika maduka ya vitu vilivyotumika.

Umeme nao ulileta mabadiliko yaliyomfaa mnunuzi maskini. Mwaka 1936 Gibson ilitoa gitaa la umeme liitwalo ES-150, nambari hiyo ikilingana na bei yake: dola 150 hivi, pamoja na kipaza sauti na waya wake. Uso wake ulichongwa, lakini mgongo ulikuwa bapa ili gharama ipungue. Charlie Christian, kijana aliyekulia Oklahoma City, alilipiga gitaa hilo alipoingia katika bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, na kabla ya kufa mwaka 1942, akiwa na miaka 25, alikuwa amekwisha kubadili namna watu wanavyolisikia gitaa katika jazi. Mwaka 1949 likafuata ES-175, la mbao za tabaka. Mbao hizo, zilizodharauliwa, hazitetemeki kwa urahisi kama ubao mmoja uliochongwa, na kwa hiyo gitaa haliungurumi upesi likikaribia kipaza sauti. Joe Pass na Jim Hall, walio miongoni mwa wapigaji wakubwa wa jazi, walilitumia gitaa la namna hiyo.

Basi mwenye fedha kidogo asiulize kwanza kama uso umechongwa. Na aitazame shingo. Aliinue gitaa, afumbe jicho moja, na kuangaza kutoka kichwani kuelekea kwenye sanduku, kama seremala apimavyo ubao. Shingo iliyopinda kidogo yaweza kunyoshwa, ikiwa ndani yake mna fimbo ya chuma yenye nati ya kukaza. Baadhi ya magitaa ya Harmony yameandikwa kichwani, kwa Kiingereza, kwamba shingo imetiwa chuma; lakini chuma hicho hakina nati, na anayekisoma kama ahadi hudanganyika. Nyuzi zikiwa juu mno hata kidole kinauma, na kidaraja kimekwisha kushushwa mpaka mwisho, kiungo cha shingo kimelegea au kimeinama. Kulitengeneza kosa hilo humbidi fundi kuing'oa shingo na kuipachika upya, na malipo yake huweza kupita bei ya gitaa zima. Gitaa la namna hiyo liachwe, hata likiwa linang'aa.

Ufa mdogo usoni, skrubu za kukazia nyuzi zilizochakaa, au kukosekana kwa kifaa cha umeme si mambo ya kutisha. Kampuni ya DeArmond ya Toledo, Ohio, ilitengeneza vinasa sauti vya kufungwa juu ya gitaa bila kutoboa ubao, na vya mfano huo vimeendelea kutengenezwa na wengine. Anayetaka gitaa jipya naye ana njia: mwaka 2002 kampuni ya Ibanez ya Japani ilianza kuuza magitaa ya mbao za tabaka kwa jina la Artcore, yaliyotengenezwa Uchina, kwa sehemu ndogo ya bei ya Gibson.

Gitaa likiisha kununuliwa, kidaraja kipimwe, maana hakikugundishwa, na mara nyingi husogea njiani. Uguswe uzi kidogo, bila kuubonyeza, juu ya kijiti cha 12 cha shingoni, upigwe. Kisha ubonyezwe papo hapo na kupigwa tena. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, kidaraja kisogezwe kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kisogezwe kuelekea shingoni. Na wakati wa kubadili nyuzi, zitolewe mmoja mmoja, kwa kuwa zikilegezwa zote pamoja kidaraja kitaanguka, na kazi hiyo itaanza upya.