Sufuria Haichuji Mwamba

Kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa, njia inayotoa gesi nyingi Marekani, hakufanyiki Tabora. Mji wenyewe umekaa juu ya mwamba mgumu wa itale, usio na mafuta wala gesi. Utafiti uko bonde la Eyasi-Wembere, linaloingia wilaya ya Igunga mkoani Tabora, ambako Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linatafuta mafuta kwenye mashapo ya bonde la ufa. Huko nako hatari kubwa kwa maji ya kunywa iko karibu na uso wa ardhi: saruji mbovu kuzunguka bomba la kisima, tope la uchorongaji lililomwagwa ovyo, maji ya chumvi yanayopanda pamoja na mafuta.

“Si tutachemsha?” Swali hili halichoki kuulizwa, na jibu lake ni hapana. Moto huua vijidudu. Wapagazi wa misafara ya zamani waliovuka nyika ya Mgunda Mkali kuelekea Unyanyembe, Tabora ya leo, walikunywa maji ya madimbwi, na hao kuchemsha kungewafaa kweli. Madini hayafi, kwa kuwa hayako hai. Ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi wa kila siku: maji yameondoka na mvuke, chumvi imebaki. Floridi, ambayo visima vingi vya Singida na Shinyanga vinayo kiasili, hufanya hivyohivyo. Lita 2 zenye miligramu 3 kwa lita, zikichemka hadi ibaki lita 1, hutoa lita yenye miligramu 6. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Benzini ya mafuta ghafi ni kweli huruka na mvuke, ila huishia puani mwa mpishi. Shabu na mbegu za mlonge, kwa vipimo vya nyumbani, hutuliza tope na kupunguza vijidudu, si madini. Maji maangavu si lazima yawe salama.

Yanayofaa ni machache: bomba la Ziwa Victoria lifikalo Nzega, Igunga na Tabora; maji ya mvua; chujio la mkaa wa mifupa, hasa kwa floridi. Kisheria, mradi wa mafuta hauanzi bila tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayopitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Matumizi ya maji huombewa kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Uchorongaji husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA). Kijiji kidai sampuli za visima vyake zipimwe kabla mtambo haujafika. Ukishaanza kuchoronga, hakuna tena cha kulinganishia.