Mtoto Msumbufu na Malezi Yake

Jina la mji wetu wa Sumbawanga maana yake kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Basi yatupasa tuutupe na ule usemi wa kwamba mtoto apigaye makelele, ajiumaye au akimbiaye darasa amerogwa ama ana shetani. Wengine wana usonji. Wengine akili zao zakua polepole. Na wengine hawasikii vyema, nasi twawadhani wakaidi. Mpelekeni kwanza hospitali, apimwe masikio, macho na akili.

Sisi walimu wa madrasa huuliza: fujo imetanguliwa na nini? Katika baridi ya Ufipa, mwezi wa Juni na Julai, mtoto akataaye kutawadha huenda anayakimbia maji, siyo sala. Yapasheni moto, kisha mtazameni. Mwagizeni kwa maneno machache, na kwa mkono mwonyesheni. Akitii, msifuni papo hapo. Akililia kitu, msimpe kwa ajili ya kilio. Ngojeni atulie, kisha mfundisheni kukiomba kwa neno au kwa ishara. Kiboko humfunza woga tu.

Anas bin Malik, r.a., alimtumikia Mtume, s.a.w., miaka 10, wala hakuambiwa hata "uff". Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenziwe. Basi msimfiche ndani, mleteni chuoni. Yeye ni amana, nasi tutaulizwa.