Bustani Kati ya Mawe

Mkuyuni ni kata ya Jiji la Mwanza. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria. Upande mwingine kuna vilima vya mawe, na nyumba zimepanda vilimani. Kila siku watu hununua mchicha na sukuma wiki. Je, mtu mwenye kiwanja kidogo chenye mawe anaweza kulima mboga zake mwenyewe? Anaweza. Lakini kwanza aulinde udongo wake.

Udongo huenda wapi?

Mwanza hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba, na za masika kuanzia Machi. Mvua ikinyesha kilimani, maji hushuka kwa nguvu. Yakikuta udongo mtupu huuchukua mpaka ziwani. Mbegu na samadi huondoka pamoja nao. Mtu akipiga matuta kutoka juu kwenda chini, ameyachimbia maji njia. Mvua moja kubwa yaweza kumwachia mawe tu.

Wenzetu wa kisiwa cha Ukara, karibu na Ukerewe, walilijua jambo hili tangu zamani. Kisiwa chao ni kidogo na watu ni wengi. Walijenga kuta za mawe kwenye miteremko ili kuzuia udongo. Walifuga ng'ombe ndani, wakawaletea majani, na samadi wakaipeleka shambani. Hivyo waliweza kulima shamba lile lile mwaka hadi mwaka. Nasi tunaweza kuwaiga.

Namna ya kuanza

1. Uliza kwanza. Kama kiwanja si chako, pata ruhusa ya mwenyewe. Mwone pia mtendaji wa mtaa akueleze kanuni za kilimo cha mjini. Usivamie ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

2. Kusanya mawe. Yapange katika mstari unaokingama mteremko. Jaza udongo upande wa juu wa mstari huo. Sasa mawe yaliyokusumbua yamekuwa ukuta wako.

3. Tengeneza tuta moja tu. Upana uwe mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga tuta. Urefu wa mita 3 unatosha kwa kuanzia.

4. Tia samadi iliyooza vizuri, kama debe 1 kwa kila mita 1 ya tuta. Ichanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza mimea.

5. Panda. Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzisie, zisirundikane. Mchicha huwa tayari baada ya wiki 3 au 4. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina. Yapande karibu na ukuta, kwa sababu hutambaa na kufunika udongo.

6. Miche ikisimama, tandaza nyasi kavu kati yake. Nyasi huzuia jua lisikaushe udongo, na matone ya mvua yasiupige.

Kama huna hata nafasi ya tuta, jaza udongo na samadi katika gunia au ndoo iliyotobolewa chini.

Maji

Mwagilia asubuhi au jioni, wakati jua si kali. Maji ya ziwa yako karibu, lakini jihadhari na kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini na kupenya katika ngozi ya mtu aliyeingia majini. Usisimame majini ukichota. Vaa viatu vya mpira virefu. Kama unaweza, tumia maji ya bomba au ya mvua. Usiwaache watoto wachote maji ukingoni penye majani na konokono. Usikojoe wala kujisaidia ziwani, maana ndivyo ugonjwa unavyoenea.

Usimwagilie mboga kwa maji ya mfereji wa uchafu. Mboga itaonekana nzuri, lakini itawaletea walaji maradhi ya kuhara. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika.

Daftari la bustani

Sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo itumie bustanini. Nunua daftari dogo, uandike hivi:

Tarehe 3 Machi: nimesia mchicha.
Tarehe 30 Machi: nimevuna mafungu 20. Tumekula 8. Tumeuza 12.

Andika pia fedha ulizotumia kwa mbegu na samadi, na fedha ulizopata. Usiyasahau mafungu mliyokula nyumbani. Hayo mngeyanunua sokoni. Mwisho wa mwezi toa hesabu. Daftari ndilo litakalokuambia kama uongeze tuta la pili au la.

Haba na haba hujaza kibaba. Anza na tuta moja, ulitunze. Mvua ikija, toka uangalie: je, maji yanayopita chini ya ukuta wako ni meupe au ni mekundu kwa udongo? Kama ni mekundu, ongeza mawe.

Maswali

1. Kwa nini matuta yaukingame mteremko?
2. Wakara walipata wapi samadi ya mashamba yao?
3. Mtu huambukizwaje kichocho?
4. Katika daftari la mfano, mafungu mangapi yaliuzwa?