Faragha Inapougua: Nani Amwendee Tabibu wa Unyumba?

Mtu ateremkaye asubuhi kutoka Kondele kwenda soko la Kibuye, hapa mjini Kisumu, hana budi kukutana na vikaratasi vilivyogandishwa kwenye nguzo za umeme, vimefifia kwa jua na kukunjamana kwa mvua, kila kimoja kikitaja nambari ya simu na mfululizo wa ahadi: kumrudisha mpenzi aliyetoroka, kushinda kesi, kuvuta wateja dukani na, aghalabu juu kabisa kwa herufi nene, kurudisha nguvu za kiume. Nimesimama mara nyingi mbele ya nguzo hizo, na kila mara nimemfikiria yule atakayeinakili nambari ile kwa kujificha, akaipiga usiku mkewe akiwa amelala, ilhali mke mwenyewe yuko macho, amegeukia ukutani, anahuzunika kwa jambo lile lile.

Watu hao si wachache, wala si wazee peke yao. Mwaka 2002 ulianza hapa Kisumu utafiti mkubwa wa tohara, ulioandikisha wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ili ijulikane kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi. Na jibu lake, lililochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Lancet, liliwafikia matabibu wa dunia nzima. Lakini vijana wale waliulizwa pia mintarafu ya unyumba wao, na matokeo ya sehemu hiyo, yaliyotoka mwaka 2008, hayakuvuma. Mwanzoni, kabla ya kisu kumgusa yeyote, takriban mmoja katika kila wanne alikiri kuwa na taabu ya namna fulani katika jimai. Baada ya miezi 24 waliobaki na taabu walikuwa kama 6 tu katika kila 100, kwa waliotahiriwa na kwa wasiotahiriwa takriban sawasawa, hata ikabainika kwamba tohara si iliyoileta wala si iliyoiondoa. Mimi nisomapo takwimu hizo huvutwa na jambo moja: vijana wa makundi yote mawili waliitwa tena na tena, wakaketi na mtu aliyewauliza bila kucheka, wakajibu. Sidai kwamba maswali ndiyo yaliyowaponya, kwani umri na mazoea nayo huponya. Nasema kwamba robo ya vijana walikuwa na neno la kusema, na walipoulizwa kwa staha wakalisema.

Tiba ya unyumba ni mazungumzo ya namna hiyo, yaliyotiwa taratibu na kupewa muda. Walioipa umbo ijulikanalo leo ni William Masters na Virginia Johnson wa mji wa St. Louis, Marekani, katika kitabu walichokitoa mwaka 1970, na msingi wao ulikuwa kwamba taabu ya chumbani haina mgonjwa mmoja, bali huwa ya wawili hata kama mwili unaoshindwa ni mmoja. Mwenye khofu na ajue haya mapema: tabibu wa unyumba hamvui mtu nguo, hamgusi, wala hatazami chochote, akifanya lolote katika hayo, inuka uende zako. Kazi yote ni ya maneno, saa moja au pungufu kwa kila kikao, pamoja na mafunzo ambayo mume na mke huyachukua nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba kumsimulia mgeni mambo ya sitara ni desturi ya Wazungu, nami siwezi kuwaunga mkono. Katika maboma ya Wajaluo wa zamani wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, na katika giza la nyumba ile pim aliwafundisha, bila kuumauma maneno, mengi ambayo mama mzazi asingeweza kuyatamka mbele ya binti yake. Na huko pwani kungwi na somo walishika kazi iyo hiyo mpaka ndani ya siku za harusi. Shule za bweni na nyumba za kupanga za mjini zilipomwondoa pim, hapakuwekwa mtu mahali pake, na nguzo ya umeme ikajaza pengo. Hata hivyo tusimpambe pim kupita kiasi, kwa maana yeye alifundisha wanaoanza safari, na aliyekwama katikati, baada ya miaka ishirini ya ndoa na watoto watano, hakuwa na siwindhe ya kurudia.

Basi nani aende? Kabla ya swali hilo pana la mwili, na hapa naomba msomaji asiniharakishe, kwa sababu wengi wanaodhani wamerogwa au wamechokwa wana maradhi yenye jina. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo kisukari na shinikizo la damu huweza kuiziba kwanza, na mwanaume akaona udhaifu chumbani miaka kadhaa kabla moyo wake haujalalamika. Anayekimbilia dawa ya barabarani huwa amezima kengele na kuuacha moto. Dawa za shinikizo na za huzuni nazo huweza kupunguza hamu au nguvu, na daktari aliyeziandika aweza kuzibadili. Tena ziko taabu za kwetu ziwani. Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni ya kawaida katika nchi hii ya malaria, na humletea mwanaume msimamo wenye maumivu usiolegea: ukizidi saa nne ni dharura ya hospitali, wala si jambo la kujivunia au kulionea haya. Na mwanamke anayeumia au kutoka damu wakati wa jimai asiambiwe kwamba ana baridi kabla hajapimwa, kwani kichocho, ile aina inayoshambulia njia ya mkojo, hujeruhi pia njia ya uzazi, na aliyekulia kwenye maji ya mito na mifereji ana haki ya kuulizwa habari zake. Ama vidonge vya nguvu za kiume visivyo na lebo, vinavyouzwa kwa kunong'ona, vinapokutana mwilini na dawa za nitreti wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo, huweza kulishusha shinikizo la damu hata mtu akafa.

Mwili ukishapimwa na kutibiwa, na dhiki ikabaki, hapo ndipo tabibu wa unyumba anapofaa. Humfaa mume aliyeshindwa usiku mmoja kwa uchovu, na tangu hapo kila usiku huingia kitandani kama mtahiniwa. Humfaa mke ambaye mwili wake hujifunga kwa khofu ijapokuwa moyo wake unataka. Na huwafaa wale wawili ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, ambao kliniki imewafundisha vidonge na mipira, ila haijawauliza kama bado wanaweza kukumbatiana pasipo fadhaa. Asiyeona dhiki haimlazimu kwenda, hata kama majirani wanafanya mara tatu kwa wiki naye mara moja kwa mwezi, maadamu mwenziwe naye ameridhika. Na mahali penye kipigo au kulazimishwa, tiba hii si mahali pake: mwanamke aliye katika hatari ahitaji usalama kwanza, wala asiketishwe kando ya anayempiga ili aulizwe kuhusu hamu.

Wataalamu wa fani hii ni wachache nchini, kwa hiyo mlango wa kawaida ni daktari wa hospitali, pale Jaramogi Oginga Odinga ambapo wenyeji hadi leo wanapaita Russia, au mshauri nasaha aliyesajiliwa, kama inavyotaka sheria ya mwaka 2014. Muulize bila haya alisomea wapi, na kama amewahi kushughulikia taabu kama yako. Mwenye kuahidi uponyaji wa siku tatu ni ndugu wa yule wa nguzoni.

Zoezi lililo mashuhuri kupita yote, walilolianzisha Masters na Johnson, huwashangaza wanandoa: wanakatazwa jimai kabisa kwa muda, wakaamriwa kila mmoja kumpapasa mwenziwe kwa zamu, mgongo, mikono, nyayo, bila kukusudia lolote zaidi, huku anayepapaswa akisema panapopendeza. Mtihani ukiwa umefutwa, mtahiniwa hupumua. Na kwa wengi neno la kwanza la kweli hutamkwa hapo, gizani: "Mama Akinyi, mimi nilikuwa naogopa." Naye, baada ya kimya kirefu: "Hata mimi, Baba Akinyi. Nilidhani umenichoka."