SETI YA DRAMU IMEFIKA USHARIKANI: NANI ATAIPANGA, NANI ATAIPIGA?



Maombi ya vyombo vya muziki yanayofika ofisini kwetu yamebadilika. Zamani sharika ziliomba matarumbeta na kinanda. Siku hizi kwaya za vijana zinaomba seti ya dramu, na mara nyingi nusu ya fedha imeshapatikana kwa mnada wa mavuno. Tumekuwa tukipitisha maombi hayo bila maswali mengi. Sasa tunauliza maswali, na tungependa mjue sababu yake.

Mwaka jana tuliitwa katika usharika mmoja miezi saba baada ya seti kupokelewa kwa vigelegele. Toazi kubwa lilikuwa limepasuka kuanzia kwenye tundu la katikati. Ngozi ya snea, ile dramu ndogo yenye nyaya chini yake, ilikuwa imetoboka. Baraza la wazee lilikuwa limeandika katika muhtasari wake kwamba dramu zisipigwe tena katika ibada ya kwanza, kwa kuwa wazee hawasikii maneno ya nyimbo. Vijana watatu walikuwa wameacha kuja mazoezini.

Tulikuta seti imepangwa kwa kuangalia picha iliyo kwenye boksi. Mpigaji, kijana wa miaka 17, alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki cha wageni, magoti yakiwa juu kuliko kiuno, mgongo umepinda. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemfundisha. Katika bajeti tuliyoipitisha sisi wenyewe kulikuwa na fedha ya kununulia seti na fedha ya kuisafirisha, lakini hakukuwa na hata siku moja ya mafunzo. Kosa hilo ni letu.

Tulirudi na mwalimu kwa siku mbili. Tuliyojifunza pamoja na vijana wale ndiyo tunayoyaleta hapa.

Kwanza ieleweke seti hii ni nini. Ilizaliwa Marekani, watu walipotaka mpigaji mmoja afanye kazi ya wapigaji wawili au watatu wa bendi ya matembezi. Pedali ndiyo iliyowezesha jambo hilo, na ile ya William F. Ludwig ya mwaka 1909 ilisaidia sana kuieneza. Kwa hiyo kila kipande huwekwa mahali ambapo mkono au mguu wa mtu mmoja unakifikia bila kujinyoosha. Anayepiga ndiye kipimo, na picha ya kwenye boksi haimjui.

Anzeni na sakafu. Juu ya saruji tupu dramu ya besi hukimbia mbele kila inapopigwa, na kijana huifuata kwa kiti mpaka anafika kwa mwinjilisti. Tandikeni zulia kuukuu. Kisha wekeni kiti, kabla ya dramu yoyote. Kiwe na kimo cha kuyafanya mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Mpigaji akishakaa, dramu ya besi iwekwe mbele ya mguu wake wa kulia, miguu yake ya chuma ikiwa imetanuliwa nje, na kinyundo cha pedali kigonge karibu na katikati ya ngozi. Snea ikae kati ya magoti, juu kidogo ya mapaja. Haihati, yaani yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu wa kushoto, ikae upande wa kushoto, juu kiasi kwamba mkono wa kulia unaweza kuipiga huku wa kushoto ukipiga snea chini yake bila kugongana.

Dramu za juu ya besi ziinamishwe kidogo tu. Katika usharika ule zilikuwa zimesimamishwa kumtazama mpigaji kama vioo, hivyo fimbo ikawa inachoma ngozi kwa ncha badala ya kuiangukia. Tulielewa kwa nini ngozi zilikuwa na mashimo madogo madogo.

Na toazi? Lilipasuka kwa upendo. Kijana alikuwa analikaza kila Jumamosi ili lisianguke. Toazi halikazwi. Lazima liyumbe linapopigwa. Chini na juu yake huwekwa washa za kitambaa kizito, na chuma cha stendi huvishwa kipande cha mrija wa plastiki ili chuma kisisuguane na chuma. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza, na ni rahisi kuvipata dukani au kuvitengeneza.

Ngozi za dramu hizi ni za plastiki, ingawa jina la ngozi limebaki. Kuzikaza hufanana na kukaza nati za tairi la gari. Kazeni skrubu zote kwa vidole kwanza, halafu kwa ufunguo wake, nusu mzunguko kila mara, mkivuka kutoka skrubu moja kwenda ile inayoikabili upande wa pili. Gongeni taratibu karibu na kila skrubu na kusikiliza; sauti ikilingana kote, dramu imekaa sawa. Ngozi ya chini ya snea ni nyembamba sana na haipigwi kamwe. Ndani ya dramu ya besi wekeni blanketi dogo ili isivume kama pipa.

Sasa mikono. Fimbo hushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kiasi cha theluthi moja kutoka kwenye kitako, vidole vingine vikiizunguka bila kuibana. Ikigonga ngozi iachwe iruke yenyewe. Nguvu itoke kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Anayepiga kwa bega huchoka kabla ya sadaka ya pili. Mwalimu wetu aliwakataza vijana seti nzima kwa nusu siku. Aliwapa kipande cha mpira kilichogongomewa kwenye ubao, na zoezi moja: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Mapigo 60 kwa dakika, kwa kufuata kipima mapigo cha kwenye simu. Kasi iliongezwa kidogo tu, na pale tu mikono yote miwili iliposikika sawa. Walilalamika, lakini jioni hata sisi tusiojua muziki tulisikia tofauti.

Ndipo wakarudi kwenye seti. Kwa nyimbo za mapigo manne, besi ilipigwa kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne, haihati ikihesabu katikati. Nyimbo zetu nyingi zenye asili ya ngoma huhesabiwa sita, na hapo besi hukaa kwenye moja, snea kwenye nne. Vijana walikuwa wanalazimisha nyimbo za sita ziingie kwenye nne, na kwaya ilikuwa inayumba.

Malalamiko ya wazee tuliyachukulia kwa uzito, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kanisa lenye kuta za saruji na paa la bati hurudisha kila sauti. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda upunguzwe kwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu, na dramu zinazopigwa kwa nguvu huvuka kiwango hicho kirahisi masikioni mwa mpigaji. Kwa hiyo mpigaji avae vizibo vya masikio mazoezini. Ibadani tulikubaliana na baraza kanuni moja: mpigaji asiposikia maneno ya kwaya, amezidisha. Fimbo nyembamba nazo husaidia.

Wazee waliruhusu majaribio ya miezi mitatu katika ibada ya pili. Suala la ibada ya kwanza litarudi barazani, na hatujui litaamuliwaje.

Kwa marafiki wanaotuchangia: tafadhali msishangae mkiona katika maombi yetu ngozi za akiba, fimbo, washa, vizibo vya masikio na posho ya mwalimu. Ni heri seti moja yenye hivyo kuliko seti mbili zisizo navyo.

Kwa kamati: ombi la dramu liambatane sasa na majina mawili ya watakaofundishwa, mmoja wao awe msichana inapowezekana, na barua ya baraza la wazee inayoonyesha kwamba limeshirikishwa. Mpigaji mmoja akienda shule ya bweni, seti isifungiwe stoo.