Bunduki Kuukuu ya Wenzo na Risasi za Kusubu



Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo mvuvi huyafunga katika wavu wake ili uzame. Tena ni kile kitu kidogo kitokacho katika bunduki. Maana hizo mbili zimekaa katika neno moja kwa haki, kwa sababu kwa karne nyingi mwenye bunduki aliyayeyusha madini hayo motoni, akayamimina katika kalibu, akajipatia risasi zake mwenyewe. Baadaye viwanda vilianza kutoa risasi zilizovikwa shaba, lakini desturi ya kusubu haikufa. Huko Marekani watu wengi wanaifuata hata leo, hasa wale wenye bunduki kuukuu za wenzo. Maongezi haya yaeleza jinsi mtu aanzavyo kazi hiyo, na kwa nini kazi yenyewe huanza kwa kupima, wala haianzi kwa moto wala kwa baruti.

Kwanza tuijue bunduki. Bunduki ya wenzo ina kishikio cha chuma, mfano wa pete ndefu, chini ya kifyatulio. Mpigaji akikisukuma kishikio hicho chini na mbele, ganda tupu hutupwa nje na nyundo huvutwa nyuma. Akikirudisha, ramia mpya huingia mahali pake, tayari kwa kupigwa. Ramia ni vitu vinne vilivyounganishwa: ganda la shaba ya manjano, fataki katika kitako chake, baruti ndani yake, na risasi mdomoni mwake. Risasi hupita katika kasiba, yaani mwanzi wa chuma, ambao ndani yake imechongwa mifuo ya kuzunguka. Mifuo hiyo huishika risasi na kuizungusha kama pia, ili iende sawasawa bila kupinduka.

Bunduki ya namna hii iliyopata sifa mapema ni ile ya Benjamin Tyler Henry, ya mwaka 1860. Kampuni ya Winchester ikatoa yake mwaka 1866, na nyingine mwaka 1873. Mwaka 1894 ikatoa ile iliyobuniwa na fundi John Moses Browning, na mwaka 1895 bunduki hiyo ikaanza kuuzwa kwa ramia iitwayo .30-30, yenye baruti isiyotoa moshi mwingi. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7, hata kiwanda cha New Haven katika jimbo la Connecticut kilipoacha kazi hiyo mwaka 2006. Kampuni ya Marlin nayo ilitoa bunduki yake iitwayo 336 mwaka 1948. Ndiyo sababu bunduki hizi ni nyingi katika maduka ya vitu vilivyokwisha tumika huko Marekani, na kijana anayeanza hununua moja ambayo imepita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla yake.

Basi mnunuzi asikubali kuuziwa mbuzi katika gunia. Kabla ya jambo lolote jingine ahakikishe ya kuwa bunduki haina kitu ndani. Auendeshe wenzo mpaka hakuna kitokacho, kisha atazame kwa macho na kupapasa kwa kidole katika chumba cha ramia na katika mrija ulio chini ya kasiba. Maana ramia moja huweza kunaswa katika mrija huo, ikatokea baadaye isipotazamiwa. Na mdomo wa bunduki, hata ikijulikana kuwa ni tupu, usielekezwe kwa mtu.

Halafu apitishe nuru ndani ya kasiba. Mifuo yafaa iwe na kingo kali zinazoonekana wazi. Akiona vishimo vya kutu, ajue ya kuwa huenda ni kazi ya fataki za zamani, ambazo ziliacha chumvi yenye kuvuta unyevu, na mwenye bunduki alichelewa kuisafisha. Vishimo vichache havizuii kununua, lakini risasi laini itaacha mabaki humo. Autazame sana mdomo wa kasiba. Winchester ya 1894 husafishwa kwa mdeki unaoingizwa mdomoni, na mdeki ukisugua upande mmoja kwa miaka mingi, ukingo wa mdomo hulika, na risasi itokapo husukumwa kombo. Marlin 336 ina nafuu katika jambo hili: skurubu ya wenzo ikifunguliwa, komeo la nyuma hutoka, na mdeki huingia kwa nyuma. Mwisho ampelekee fundi wa bunduki, apime nafasi iliyopo kati ya komeo na ramia. Maana nafasi hiyo ikizidi, ganda huweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Sasa twafikia kiini cha maongezi yetu. Vitabu husema kwamba kasiba ya .30-30, ikipimwa kutoka shina la mfuo mmoja hadi shina la mfuo ulio mkabala, ina upana wa inchi 0.308. Lakini bunduki kuukuu haisomi vitabu. Moja ina inchi 0.308, nyingine 0.309, na nyingine imepanuka zaidi. Kwa hiyo mwenye kusubu huchukua kipande cha madini ya risasi laini, kikubwa kidogo kuliko kasiba, huipaka kasiba mafuta, kisha hukisukuma kipande hicho taratibu kwa mdeki mpaka kitokee upande wa pili. Kitatoka kimepigwa chapa ya mifuo, nacho kitapimwa kwa kipimo cha fundi kiitwacho maikromita. Hapo ndipo mtu huijua bunduki yake.

Risasi inayofaa ni ile iliyozidi kipimo hicho kwa inchi 0.001 au 0.002. Kadiri hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini ndiyo itengayo mafanikio na hasara. Risasi ikiwa nyembamba, hewa ya moto itokayo katika baruti hupenya kando yake, huzila mbavu zake, na kuyapaka madini yaliyoyeyuka ndani ya kasiba. Shabaha hupotea, na usafishaji huwa kazi ya siku nzima. Wanafunzi wengi wakiona hivyo hudhani kwamba dawa yake ni kuyafanya madini kuwa magumu zaidi. Hiyo si dawa. Risasi ngumu isiyojaza kasiba ni kama kizibo cha mti mgumu katika chupa yenye shingo pana; ugumu wake hauzuii kuvuja.

Kalibu nayo ichaguliwe kwa akili. Katika Winchester ya 1894 na Marlin 336 ramia hulala katika mrija, moja nyuma ya nyingine, na pua ya risasi hugusa fataki ya ramia iliyo mbele yake. Pua ikichongoka na kuwa ngumu, mshtuko wa kupiga bunduki huweza kuifanya igonge fataki hiyo kama msumari, na mrija wote ukalipuka mkononi. Kwa hiyo risasi za mrija huwa na pua bapa. Theodore Roosevelt, aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kwenda kuwinda, alichukua Winchester ya mwaka 1895. Hiyo pia ni ya wenzo, lakini ramia zake hukaa katika kisanduku, moja juu ya nyingine, kwa hiyo risasi iliyochongoka haina hatari hiyo.

Tuje kwenye madini. Risasi tupu huyeyuka kwa moto wa sentigredi 327, lakini peke yake ni laini mno kwa .30-30. Mchanganyiko mmoja unaojulikana sana ni sehemu 90 za risasi, sehemu 5 za bati, na sehemu 5 za antimoni. Bati huyafanya madini yajaze kalibu vizuri, na antimoni huyatia ugumu. Zinki isiingie hata kidogo, kwa kuwa huharibu umiminaji. Nayo huyeyuka kwa sentigredi 419, basi mwenye kuutazama moto wake huiona ikielea na kuiondoa kwa upawa kabla haijachanganyika. Risasi ikitoka na mikunjo, kalibu ni baridi au ina mafuta. Ikitoka nyeupe kama umande ulioganda, moto umezidi. Risasi nzuri hujaza kila pembe, na kitako chake huwa na kingo kamili. Kisha mifereji yake hujazwa mafuta yenye nta ya nyuki, na zile zinazopigwa kwa kasi kubwa huvikwa kitakoni kikombe chembamba cha shaba nyekundu, ili moto wa baruti usikile kitako.

Kazi hii ina adui wawili. Wa kwanza ni maji. Tone moja likiingia ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na madini hurushwa juu kama mlipuko. Kwa hiyo fundi huvaa miwani, glavu na viatu vya kufunika mguu, wala hatii kipande chenye unyevu chunguni. Adui wa pili ni sumu ya risasi yenyewe. Vumbi na moshi wake huingia mwilini kwa kinywa na kwa pumzi, na watoto hudhurika zaidi, kwa maana sumu hiyo hudumaza akili zao. Kazi ifanyike mahali pa wazi penye upepo, kwa vyombo visivyorudi jikoni kamwe. Mtu asile wala asivute tumbako kazini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Tena jimbo la California limekataza kuwinda kwa risasi za madini haya tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa kuwa ndege wanaokula mizoga, na hasa wale tai wakubwa waitwao kondo, walikuwa wakifa kwa sumu hiyo.

Habari ya baruti ni fupi lakini nzito. Vipimo vyake hutolewa katika vitabu vya watengenezaji, kwa kila namna ya baruti na kila uzito wa risasi. Anayeanza hufuata kipimo cha chini, wala habuni chake. Winchester ya mwaka 1873 haina nguvu kama ya 1894, kwa hiyo kinachofaa katika moja huweza kuivunja nyingine. Risasi za kusubu mara nyingi hupigwa kwa baruti chache, na baruti chache huacha nafasi katika ganda ya kutiwa mara mbili kwa kusahau. Basi kila ganda limulikwe kwa taa kabla ya kufungwa. Na mlio ukisikika hafifu, mpigaji asimame papo hapo: huenda risasi imekwama katika kasiba, na ramia ya pili itaipasua bunduki.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Anayesubu huandika kipimo cha kasiba yake, mchanganyiko wa madini, baruti aliyotia, na matundu ya shabaha yalivyokusanyika au kutawanyika. Baada ya msimu mmoja daftari hilo humfundisha zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki bunduki na ramia haviwekwi wala havitengenezwi bila idhini ya serikali, na maongezi haya yametolewa kwa kutanua maarifa tu. Lakini fundisho lake lafaa hata kwa asiyeshika bunduki maishani mwake. Mwenye kununua baiskeli kuukuu, cherehani au pampu, naye amepokea chombo kilichotumiwa na watu asiowajua. Kabla ya kukilaumu au kukilazimisha, akipime kwanza, ndipo akitafutie kinachokifaa.