Una oska kwa keja? Basi mfugie chakula chake

Tuseme ukweli. Hakuna mse hununua oska ili amtazame akila tembe kavu. Unamchukua akiwa mdogo kama kidole gumba, na baada ya mwaka mmoja hivi anakaribia sentimita 30. Kufikia hapo anakujua, anakufuata kwa macho ukipita na sahani. Siku wageni wamejaa kwenye sofa unamtupia samaki mdogo aliye hai, na nyumba nzima inapiga kelele utadhani Gor imefunga Ingwe.

Shida ni kwamba mara nyingi huyo mdogo wa kuliwa ndiye humuua mkubwa.

Samaki wa bei ya kutupa hurundikwa tangi moja, maji machafu, chakula kidogo. Nani atawatibu na kesho wanaliwa? Mmoja akiwa na ugonjwa wa madoa meupe, unaenea kwa wenzake haraka. Ukimtumbukiza kwako umewaletea vimelea oska wako hadi mlangoni. Siku chache baadaye utamwona anajikwaruza kwa mawe, mwili una vidoa kama amenyunyiziwa chumvi, na chakula hataki.

Wengine huchukua samaki wa dhahabu wadogo. Hao wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huharibu vitamini B1. Oska akila hao tu kwa miezi mingi, mishipa yake ya fahamu huanza kulegea na anaogelea kama mtu ametoka kwa mama pima. Unaweza kudhani ni maji, ubadilishe maji kila siku, kumbe ni menyu.

Dawa ni kufuga gapi mwenyewe. Gapi hana thiaminasi, ni mdogo, na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Jike hubeba mimba kama wiki nne, kisha anazaa 20, 30, wakati mwingine zaidi. Akipandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila kumwona dume tena. Biolojia hii sikuipata darasani, maana chuo niliacha mapema, lakini tangi halikuulizi cheti.

Unahitaji tangi la lita 60 hivi, au beseni kubwa, pampu ya hewa na kichujio cha sponji. Weka madume watatu na majike tisa. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hivyo yaache kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia, au tia dawa ya kuondoa klorini. Gapi hupenda nyuzi 24 hadi 28. Mombasa hapo huna wasiwasi. Nairobi mwezi Julai utahitaji hita, na tokeni za stima zitalia kidogo. Jaza majani ya majini, kwa sababu gapi hula watoto wake mwenyewe, na wasipopata pa kujificha utaamka ukute tangi tupu. Watoto wape kiini cha yai la kuchemsha, kidogo sana, au chakula cha samaki kilichosagwa kuwa unga.

Sasa hesabu. Majike tisa wakizaa 25 kila mmoja kwa mwezi ni watoto 225. Nusu wakiponea, una zaidi ya 100. Oska mmoja akipewa gapi sita mara mbili kwa wiki, kwa mwezi anakula kama 50. Wanaobaki unawauzia wenzako wa mtaa wenye oska. Lakini miezi mitatu ya kwanza usiguse hata mmoja, waache wakue na wazae. Hapa ndipo wengi huanguka: wiki ya tano mgeni anakuja, wanataka kujionyesha, wazazi wanaliwa, mradi umekufa.

Hata hao wazazi wa kwanza ulionunua, watenge wiki tatu kabla ya kuwachanganya na yeyote. Siku mbili kabla ya kulisha, washibishe gapi vizuri, maana kilicho tumboni mwao ndicho oska atapata. Toa wachache, wale wamalizwe mara moja. Kutupa 20 kwa mkupuo ni kuwatesa tu na kuchafua maji. Na tembe zibaki chakula cha kila siku. Gapi ni nyama ya Jumapili.

La mwisho, na hili halina mzaha. Wakizidi, au ukihama ploti, usiwamwage mtoni wala kwenye mtaro. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu hazijaonekana tena. Kamba wa Marekani walitiwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na hadi leo wapo. Gapi ni mdogo, ila kumbuka jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo mzima. Mpe jirani, uza, au mwache oska amalize kazi.